Mama, Njombe na mwanzi wa mita tisa

Mama alipohamia kwangu Ubaruku baada ya mzee kufariki, alikuja na begi moja, mablanketi mawili mazito ambayo huku bondeni hayana kazi, na redio. Wiki ya kwanza alilalamikia joto. Wiki ya pili alilalamikia mbu. Wiki ya tatu akanyamaza, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amezoea. Kumbe kila jioni alikuwa anakaa uani, anazungusha kitufe cha redio toka mwanzo wa bendi mpaka mwisho, polepole kama mtu anayechambua mchele, akitafuta kituo cha kwao Njombe.

"Baba," akaniambia siku moja. Mama huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Redio za huku kwenu mbovu. Nyumbani ilikuwa inasema."

Redio ilikuwa ile ile.

Ubaruku iko wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, katikati ya majaruba ya mpunga ya bonde la Usangu, mita 1,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Njombe mjini iko juu kwenye baridi, mita 1,900 na ushee. Kwa barabara unapita Igawa, unapanda mpaka Makambako, halafu unakata kulia. Kwa mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru, nilivyopima kwenye ramani, ni kama kilomita tisini au mia hivi. Nafundisha Fizikia sekondari. Nimeandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyokumbuka kwamba mwendo wa wimbi ni masafa, yaani mitetemo kwa sekunde, mara urefu wa wimbi, wanafunzi wakanakili, tukaenda mapumziko. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku mama yangu mzazi atanitungia swali la mtihani.

Kuna atakayesema, si ungemfungulia kwenye simu? Nilijaribu. Bando liliisha kabla kipindi cha salamu hakijaisha, na mama alipojua kwamba ile redio "inakula vocha" akaikataa. Simu yangu ina FM ya kawaida pia, lakini haifanyi kazi mpaka uchomeke waya wa masikioni, kwa kuwa waya ule ndio antena yake. Mama alisema masikio yake si ya kuzibwa.

Halafu akanipiga pale panapouma. "Baba yako alikuwa anashika Ujerumani. Wewe unashindwa Njombe?"

Ni kweli. Mzee alikuwa na redio ya National ya betri kubwa, na kila jioni alikuwa anasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle kutoka Ujerumani bila mlingoti wala fundi. Nikamweleza mama kwamba yale yalikuwa masafa mafupi. Yanapaa, yanagonga tabaka la juu huko angani, yanarudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. FM haina desturi hiyo. Ikifika juu inapenya na kwenda zake. Inachofuata ni karibu mstari ulionyooka, kwa hiyo antena yako na antena ya kituo lazima zionane, au zikaribie kuonana. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo unashindwa."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Mbeya mjini, Mwanjelwa, kwa muuza vifaa vya umeme. Nikamweleza shida yangu. Hakuniuliza hata swali moja. Alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha antena ya televisheni yenye vijiti kama miiba ya samaki, pamoja na kisanduku cha plastiki anachokiita busta. Elfu arobaini na tano. "Hii, mwalimu, inavuta mpaka Zambia."

Ningekuwa na akili zangu siku hiyo ningevipima vile vijiti pale pale dukani. Kirefu kuliko vyote kilikuwa sentimita 30. Antena ni kama filimbi, urefu wake unakwambia sauti yake. Vijiti vya sentimita 30 ni vya mawimbi ya televisheni ambayo urefu wake ni nusu mita hivi. FM inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108. Gawa 300, yaani mwendo wa wimbi kwa mamilioni ya mita kila sekunde, kwa masafa hayo, utaona wimbi lake ni mita tatu hivi, na kijiti kinachoitaka ni karibu mita moja na nusu. Niliyajua haya yote, na hela nikatoa.

Nyumbani nikaifunga juu ya bati, nikawasha busta. Kituo kimoja cha upande wa Mbeya, ambacho zamani kilikuwa mahali pake pamoja, kikaanza kusikika sehemu tatu za bendi. Kila ulikozungusha kitufe kilikuwepo, kinatangaza harusi. Njombe hakuna. Busta haichagui. Inakuza unachokitaka, inakuza usichokitaka, inakuza na kelele za nyumba nzima, na vituo vyenye nguvu vikishakuzwa vinailemea redio mpaka inaanza kuzua vituo vya uongo. Iko stoo mpaka leo. Mama huitaja kila tukiongelea hela.

Jibu la kwanza lilikuja bila mimi kufanya chochote. Ilikuwa saa moja jioni, umeme ukakatika mtaa mzima. Niko gizani natafuta tochi, nasikia mama anapiga kelele uani: "Inasema! Inasema!" Nikatoka mbio. Redio yake ya betri ilikuwa imeegemea sufuria, na ndani yake, nyuma ya mvumo kama wa maji ya bomba, mwanaume alikuwa anasema "Kamwene", salamu ya kwao. Tukasimama hapo, mama kashika kanga mdomoni. Tukasikia salamu za watu wa Lupembe, tukasikia bei ya viazi, kisha umeme ukarudi na redio ikakoroma kama nguruwe. Yule mwanaume akapotea.

Kesho yake nikashusha swichi kubwa ya nyumba, nikampa mwanangu kazi ya kuwasha kitu kimoja kimoja huku mimi nimekaa na redio uani. Jokofu, hakuna shida. Televisheni, shida kidogo. Taa ya sebuleni, mkoromo ule ule. Taa ya chumbani, kimya. Nikastaajabu, maana zote ni LED na zote nilinunua mwaka mmoja. Nikazifungua. Ya chumbani, iliyokuwa ghali kidogo, ilikuwa na vipande kadhaa vya ziada pale umeme unapoingia. Ya sebuleni ilikuwa tupu. Taa hizi ndani yake zina saketi inayokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na isipochujwa, ule mtetemo unaingia kwenye nyaya za ukutani, halafu nyumba yako nzima inakuwa kituo cha redio kinachotangaza mkoromo. Chaja ya simu ya kijana wangu, ile ya elfu mbili ya stendi, ilikuwa mbaya kuliko taa. Nikabadilisha taa moja na chaja moja, jumla haikufika elfu kumi na mbili. Kazi ambayo busta ya arobaini na tano ilishindwa ikafanyika kwa robo ya bei, na kifaa chenyewe kilichofanya kazi hiyo ni kuzima.

Nikaanza pia kutembea na redio. Hili nalipendekeza kwa yeyote kabla hajatoa shilingi. Ndani ya nyumba ya mabati yenye nondo madirishani Njombe haikuwepo kabisa. Barazani ilikuwepo kwa mbali. Nikiwa na redio mkononi karibu na mwembe, hatua moja mbele inasema, hatua moja nyuma inakufa. Mwanzoni nilidhani ni mkono wangu. Kumbe mawimbi yanafika kwa njia zaidi ya moja, mengine yamenyooka, mengine yamegonga mlima au bati la jirani, na yanapokutana kuna mahali yanasaidiana na mahali yanauana. Kwa wimbi la mita tatu, kutoka mahali pazuri mpaka pabaya ni hatua moja tu ya mtu mzima. Mama alikuwa amekaa wiki tatu mahali pabaya. Tulihamisha kigoda chake hatua mbili kuelekea choo. Hakupendezwa na jirani mpya, ila redio ilisema.

Hapo nikaamua kutengeneza antena yenyewe, ya waya, ile ya mikono miwili ambayo vitabu vinaiita daipoli. Hesabu yake nyepesi: 143 gawa kwa masafa ya kituo, unapata urefu wote kwa mita. Nilichukua 98, katikati ya bendi, ikaja mita 1.46. Nikakata nyaya mbili za shaba za milimita 2.5 zilizobaki wakati wa kufunga umeme wa nyumba, kila moja mita 1.46, nikazinyoosha kwenye bomba la plastiki la maji la nusu inchi. Kijana wangu, yuko kidato cha pili, akaangalia, akasema, "Baba, si umesema huo ndio urefu wote?" Nilikuwa nimekata kila mkono urefu wa antena nzima. Nikazipunguza zikawa sentimita 73 kila upande. Hakusema kitu tena, ila jioni nilimsikia anamsimulia bibi yake.

Waya wa kushusha mawimbi nilitumia ule wa king'amuzi, mweusi, wa duara. Umeandikwa ubavuni 75, yaani omu, kipimo cha ukinzani, na daipoli ya namna hii katikati yake iko karibu na 75 pia, kwa hiyo vinapatana bila kitu cha kati. Kuumenya ndiko kunakotaka utulivu. Unakata ganda la nje kwa wembe bila kuzama, unakutana na wavu wa nyuzi nyembamba za fedha, chini yake karatasi ya alumini, chini yake povu jeupe, na katikati ya povu waya mmoja mgumu wa rangi ya shaba. Wavu unausokota pembeni unaufunga mkono mmoja wa antena, waya wa katikati mkono wa pili, na hivyo viwili visigusane. Mara ya kwanza nilimaliza kila kitu, nikapanda, nikafunga, nikashuka, redio kimya kabisa, hata Mbeya hakuna. Nikapanda tena. Unyuzi mmoja wa ule wavu, mwembamba kama unyoya wa sungura, ulikuwa umelala juu ya waya wa katikati. Niliuondoa kwa ukucha, na kutoka chini nikasikia muziki.

Jambo jingine dogo lililonisaidia: kabla waya haujashuka, niliuviringisha mizunguko mitano yenye upana wa sahani, nikaifunga kwa kamba chini kidogo ya antena. Bila hivyo ganda la nje la waya nalo linageuka antena, linazoa makelele ya nyumba na kuyapandisha juu.

Redio ya mama haina tundu la antena. Ule waya wa katikati niliufunga kwenye kijiti chake cha kuvuta, na wavu nikauunganisha na upande hasi wa betri. Si kazi ya kupigwa picha, lakini inafanya kazi.

Sasa Njombe ikawa inasikika ndani ya nyumba, tena mchana, lakini kuna saa ilikuwa inamezwa. FM ina ubabe wake. Kwenye AM vituo viwili vikigongana utasikia vyote vinazozana. Kwenye FM mwenye nguvu anamfuta mwenzake kabisa, kama hajawahi kuzaliwa. Kulikuwa na kituo cha upande wa Mbeya kilichokaa jirani mno na cha Njombe, na kila kilipopata nguvu, mama alikatizwa katikati ya tangazo la msiba. Alichukia. "Wametaja Igwachanya, halafu wakaweka muziki!"

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikuwahi kukifundisha. Sote tunaipeleka antena kule tunakokutaka. Daipoli iliyolala inasikia kwa mbavu zake na ni kiziwi kwenye ncha zake. Ubavu ni mpana, ukikosea kidogo hupotezi kitu, lakini uziwi wa ncha ni mwembamba na mkali. Kwa hiyo nilisahau Njombe, nikaielekeza ncha ya antena Mbeya, nikaizungusha vidole viwili hivi kwa wakati huku mama anapaza sauti kutoka barazani: "Bado. Bado. Hapo! Umepita, rudi." Kwetu Mbeya iko magharibi na Njombe kusini mashariki, kwa hiyo ncha ilipoitazama Mbeya ubavu wenyewe ukawa umeangalia Njombe, karibu kabisa. Ni bahati ya jiografia. Aliye mahali ambapo vituo viwili viko upande mmoja hatafaidi hili. Nilijaribu pia kuisimamisha wima, maana vituo vingine hurusha mawimbi wima na vingine yamelala na vingine yote mawili. Kwetu ikashuka, nikailaza tena. Ni dakika tano za kujaribu, usiulize fundi.

Mpaka hapo antena ilikuwa kwenye kenchi, mita nne na nusu kutoka chini. Kuna hesabu ya upeo wa mawimbi: mzizi wa kimo kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mtambo uliopanda mita 900 kuliko bonde letu, mzizi wake ni 30, upeo wake ni kama kilomita 124. Kwa hesabu hiyo tungeipata Njombe hata kwa antena iliyolala chini. Lakini hesabu hiyo inadhani dunia ni yai lililomenywa, na kati yetu na Njombe kuna ukingo wa nyanda za juu wenye vilima vyake. Mawimbi yanaukwaruza ukingo, yanapinda kidogo, na sehemu kubwa inabaki huko huko. Kinachofika kwetu ni masalia. Ukiishi kwa masalia, kimo kinakuwa na thamani. Juu ya ardhi tambarare iliyo wazi kama majaruba yetu, ukizidisha kimo cha antena mara mbili, nguvu unayoipata inaweza kukaribia mara nne.

Mama akampigia simu mjomba aliyeko Wanging'ombe, mkoani Njombe. Baada ya siku nne, mianzi miwili ikaja imefungwa ubavuni mwa Fuso lililokuwa linakuja kupakia mchele. Mama aliipokea kama wageni. Akaishika, akaigonga kwa kidole, akasema hii ilikuwa ya kugema ulanzi, pombe ya mianzi, na kwamba mjomba lazima kaikata huku roho inamuuma. Tukaiunga kwa waya ikawa mita tisa, tukaisimamisha vijana watano, tukaivuta kwa kamba za manila pande tatu. Kamba, siyo waya, kwa sababu chuma karibu na antena kinaivuruga. Na tuliisimamisha mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ikianguka nzima isizifikie. Hili sikulifanyia mjadala, ingawa mahali pazuri zaidi palikuwa karibu na nguzo. Masika yanapoanza, wingu likinguruma upande wa Chimala nachomoa waya na kuutupa nje dirishani. Radi haiulizi kama mlingoti ni mwanzi au chuma.

Mita tisa zikabadilisha kila kitu. Mvumo ukapungua mpaka ukawa kama upepo wa mbali. Nikazima stirio, nikaacha mono, na hata huo ukaisha. Stirio inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ili isikike safi, na mama ana spika moja. Stirio ya nini?

Novemba, Desemba, raha mustarehe. Januari mvua zikashika, na Njombe ikaanza kufifia. Siyo siku moja. Kila wiki kidogo, kama taa ya koroboi inayoishiwa mafuta. Nilipima kila kitu chini, nikailaumu redio, nikailaumu mvua yenyewe, wakati mvua haiizuii FM kwa kiasi cha kusikika. Mwisho tukaushusha mwanzi. Nilipokata waya sentimita kumi kutoka kwenye antena, wavu uliokuwa wa fedha ulikuwa mweusi na umelowa, na waya wa katikati una ukungu wa kijani. Nikaendelea kukata. Mita moja, bado maji. Mita mbili na nusu ndipo nikaona fedha. Nilikuwa nimeliacha jeraha la waya wazi juu kabisa, limeangalia mbingu, na ule wavu ulikuwa unanyonya maji kama utambi.

Sasa najua. Muungano wote nimeuweka ndani ya kopo la dawa lililofunikwa, waya unaingia kwa chini, na nje nimezungushia mpira wa tyubu ya baiskeli niliouvuta mpaka ukalia. Kabla ya kuingia dirishani waya unashuka chini ya kizingiti kisha unapanda, ili tone la maji lidondokee pale chini badala ya kuingia sebuleni. Masika mawili yamepita, wavu bado mweupe.

Mwaka huo huo fundi mmoja wa Rujewa aliniuzia redio ya gari, imetolewa kwenye gari lililopinduka, elfu ishirini. Naiona kuwa ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Redio ya gari imetengenezwa kwa maisha magumu: inapita chini ya mnara wenye nguvu huku inatakiwa ishike kituo cha mbali, na mawimbi yakidhoofika inajishusha yenyewe kutoka stirio kwenda mono bila kumsumbua dereva. Ina tundu la antena la kweli nyuma yake. Na inakula volti 12, kwa hiyo naiendesha moja kwa moja na betri ya sola, bila inveta, na inveta nazo ni mabingwa wa kelele. Kontrola ya sola inakoroma kidogo saa sita mchana jua likiwa kali, lakini saa hiyo mama amelala.

Toka mwanzo mama alikuwa ananiambia kitu nikawa simsikilizi. "Alfajiri inasema vizuri kuliko jioni." Nikajibu kwamba mtambo ni ule ule, mlima ni ule ule, saa haina uhusiano. Nilisema hivyo mbele ya watoto, tena kwa sauti ya darasani.

Juni moja nikaamka saa kumi na moja na nusu kuwahi mtihani wa majaribio, nikamkuta uani amejifunika blanketi, lile lisilo na kazi. Njombe ilikuwa inasema kama iko chumba cha pili. Mama akanionyesha kwa kidevu. Majiko ya majirani yalikuwa yamewashwa, na moshi wake haukupanda. Ulifika kimo cha mwembe ukakatika, ukatandaa juu ya majaruba kama shuka iliyotandikwa. "Moshi ukilala," akasema, "Njombe inasema. Ukisimama, inaanza kukwama."

Nilisimama na kikombe mkononi nikiona aibu. Usiku wa baridi ardhi inapoa haraka, hewa ya chini bondeni inakuwa baridi kuliko iliyo juu yake, kinyume cha kawaida. Hewa baridi ni nzito, inakaa, na moshi unakwama ndani yake, chini ya ile ya joto. Na mawimbi ya FM yakipita kwenye mpaka wa hewa hizo mbili yanapindishwa kurudi chini, yanaufuata mgongo wa dunia mbali kuliko siku nyingine. Jua likipanda, saa tatu, saa nne, hewa inachanganyika, moshi unasimama, na Njombe inarudi kwenye hali yake. Mama alikuwa na kipimo kisichotumia betri. Asubuhi kama hizo tumeshika vituo ambavyo sijavijua mpaka leo, vinatokea dakika ishirini vinazama.

Julai iliyofuata mkoromo ukarudi. Kila siku saa moja kasoro jioni, barabara, kama muadhini. Nikazima nyumba nzima, bado upo. Kwa hiyo haukuwa wetu. Nikachukua ile redio ndogo ya mama, nikaiweka AM mahali pasipo na kituo, kwa sababu AM inasikia kelele za umeme vizuri zaidi, na ndani yake kuna kijiti cheusi ambacho kikielekea chanzo cha kelele ncha kwa ncha, kelele inashuka. Nikatembea mtaani jioni, redio inakoroma kifuani, naizungusha kushoto na kulia, watoto wananifuata nyuma. Nikapita kwa muuza chipsi, ikapungua. Nikarudi, nikakata kona ya mashine ya kukoboa, ikapanda. Nikaishia mbele ya duka la jirani yangu wa nyumba ya tatu. Alikuwa ametundika taa mpya ya LED barazani, mwanga mkali wa bluu, inawaka saa moja kasoro mpaka anapofunga.

Sikujua nianzie wapi. Nikanunua taa nyingine, ile ya ghali, nikampelekea. Nikamwambia hii ina mwanga mzuri, nakuomba uiweke badala ya ile, hela usinipe.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaniangalia mimi, akawaangalia watoto waliokuwa nyuma yangu, akaiangalia na redio.

"Mwalimu," akasema, "unagombea udiwani?"